Mkanda wa Gari la Filimbi

Kinyozi hajinyoi. Filimbi alikuwa fundi wa mafriji, fundi hasa, si wa kubahatisha, lakini friji ya nyumbani kwake ilivuja maji mwaka mzima. Mkewe alitandika kitambaa chini akanyamaza, maana maneno yalikuwa yamemwishia. Na hilo la friji lilikuwa dogo. Lililowashinda watu ni gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lenye buti pana lililojaa mitungi ya gesi, vipande vya mabomba ya shaba na mota zilizokufa ambazo mwenyewe aliapa kwamba iko siku zitafufuka. Kila alipoliwasha lilipiga yowe. Si mlio wa kawaida, jamani. Yowe jembamba la kutia meno ganzi, mtoto aliyelala anaamka, mbwa anasimamisha masikio. Likishapata moto lilipunguza kidogo, kisha akikata kona tu, linaanza upya. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Filimbi, yeye ambaye hata mluzi ulimshinda kupiga.

"Filimbi, hilo gari linaomba msaada," muuza magazeti alimwambia.

"Linaimba."

"Kama huko ni kuimba, basi mimi bibi harusi!"

Filimbi alicheka akaenda zake. Wateja wake hawakuwa na neno. Mwenye bucha, friji ikimfia na nyama imo ndani, alisimama mlangoni akitega sikio, na akiusikia ule mlio kutoka mbali, moyo unamtulia. Filimbi akiingia hakuwa na papara. Aliweka kiganja ubavuni mwa friji, akasikiliza, halafu akauliza, "Ilianza lini kukohoa?" Watu walimpenda kwa hilo. Alikuwa mpole, mcheshi, mwenye kitambi cha kiasi na mvi za kiasi, na hakuwa mwongo ila kwa neno moja tu, na neno hilo lilikuwa "kesho".

Aliyekuwa akiambiwa "kesho" ni shemeji yake, mume wa dada yake. Na sasa sikia balaa: shemeji huyo alikuwa fundi magari. Ana karakana yake, ana jina lake, watu wanatoka mbali kumfuata. Halafu gari linalopiga yowe kuliko yote mjini linakuja kuegeshwa mbele ya nyumba anayolala yeye, karibu kila jioni, saa za watu kukaa nje na kupiga soga.

"Unanichafulia jina!" alikuwa akifoka. "Watu wanasema fundi gani huyu, shemeji yake anapita akilia barabarani kama mfiwa. Mkanda wa injini tu huo! Nimeshaununua, nimeutundika msumarini pale karakana unakusubiri. Niletee gari, nakubadilishia huku tunaongea."

"Kesho, shemeji."

"Kesho gani? Hiyo kesho yako ina miguu kweli?"

"Kesho, wallahi."

Na kesho haikufika. Mtu angesema Filimbi ni mvivu, na Shemeji alisema hivyo waziwazi, tena mezani, mbele ya wali. Lakini si uvivu. Filimbi alikuwa na sababu yake, kaificha kifuani, na sababu hiyo ilikuwa mama yake.

Mama yao alikuwa bado akiishi katika nyumba ileile aliyowazalia wanawe wote. Dada mtu na mumewe walihamia humo kumtunza alipoanza kusahau. Alianza kwa kusahau funguo, na nani hasahau funguo? Kisha akasahau kwamba mumewe amefariki, akawa anampakulia chakula na kumfunikia. Kisha zikaanza kumpotea nyuso. Binti yake alimwita kwa jina la shangazi mtu. Mkwewe siku nyingine alimjua vizuri sana, siku nyingine akamuuliza kama amekuja kusoma mita ya maji. Shemeji wa watu akawa anajibu, "Ndiyo mama, na maji mmetumia kidogo sana mwezi huu, hongereni," na mama anafurahi.

Ila Filimbi hakusahauliwa. Yeye ndiye kitinda mimba, na mama alimwita Kitinda tangu yuko mgongoni. Kila akiingia, hata siku ambazo mama amevurugikiwa tangu asubuhi, uso ulikuwa ukimfunguka: "Kitinda wangu huyo! Umekula?" Dada yake alikuwa akimwonea wivu, akasema hadharani kwamba anamwonea wivu. "Mimi namwogesha, namlisha, namsuka. Wewe unakuja na tumbo lako, unaitwa Kitinda."

Basi siku moja Filimbi aliazimisha gari lake kwa rafiki aliyekuwa akihama nyumba, akaja kwa mama kwa miguu. Aliingia, akasema shikamoo. Mama akaitikia vizuri, akamtazama kwa adabu, ile adabu ya kumtazama mtu usiyemjua, akamwonyesha kiti.

"Karibu baba. Unamtaka nani?"

Filimbi akadhani anataniwa. "Mama, ni mimi."

"Ndiyo, karibu. Mwanangu hayupo, yuko kazini. Anatengeneza mafriji. Ukimpata huyo umepata fundi, tena ana moyo, hamtupi mama yake hata kidogo." Na mama akaendelea, akamsifia mwanawe mbele ya mwanawe, jinsi alivyokuwa mtundu, jinsi alivyolia siku ya kwanza ya shule, mpaka chai ikapoa. Filimbi alikaa pale akisikiliza habari zake mwenyewe. Alipotoka nje alishika ukuta. Iliuma, nakwambia. Iliuma kama kufiwa na mtu aliye hai.

Jioni ile, akisuuza vyombo, dada yake alitafuta maana ya jambo lile na akaipata. "Ni gari," alisema. "Leo hukuja na gari. Mama anakujua kwa ule mlio. Ukianza tu kulia kule kwenye kona, yeye anaacha kila kitu, anainuka kitini, anakwenda dirishani kuangalia. Kila siku. Mimi namwona."

Dada alisema, akafuta sahani, akasahau. Filimbi hakusahau. Tangu siku hiyo hakumwazima mtu gari lake tena, na mkanda ule akauacha ulie utakavyo. Akawa anaulea. Watu walimshauri aupake sabuni ya kipande, unyamaze. Akakataa kama aliyeambiwa aweke sumu. Na angemweleza nani? Mtu mzima na mvi zake aseme, nalea kelele ili mama anijue? Akatafuta njia rahisi, akasema kesho.

Sasa mama akawa na hamu moja. Alikuwa akimtaja mdogo wake, mama mdogo wa akina Filimbi, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya vilima. Alimtaja asubuhi, mchana na jioni. Wanawe wakakubaliana: wampeleke, waonane, nani ajuaye ya mbele. Gari litakuwa la Filimbi, kwa sababu lina viti vipana na mama anakipenda kiti chake cha mbele. Wakapanga iwe Jumamosi.

Ijumaa mchana ikanyesha. Filimbi alikuwa akitoka kwa mteja, akapita kwenye dimbwi, maji yakaruka mpaka ndani ya injini. Yowe likatoka siyo la kawaida, kisha ghafla likakatika. Na usukani ukagoma. Alikuwa katikati ya kona, lori linakuja mbele, na usukani umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Alivuta kwa mikono miwili, kwa mabega, kwa tumbo, gari likageuka taratibu kama linafanya hisani, na lori likapita likimpigia honi ndefu ya matusi. Hatua chache mbele mkanda ukashika tena, yowe likarudi, usukani ukalainika, taa ikazimika. Filimbi alisimama pembeni. Jasho lilikuwa limelowesha shati mgongoni, na kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake: kesho, pale kwenye kiti cha mbele, angekuwa amekaa mama. Akageuza gari, akaenda karakana mwenyewe bila kuitwa.

Shemeji alimsikia kabla hajamwona. Akatoka nje akifuta mikono kwa tambara.

"Lo! Leo jua limetokea wapi?"

"Usinitanie, shemeji. Limenigomea njiani. Usukani."

Shemeji akaacha utani palepale. Akafungua boneti. "Usizime. Acha ilie." Akachukua chupa ya maji, akanyunyiza kidogo upande wa ndani wa mkanda uliokuwa ukizunguka. Yowe likapanda mpaka paka wa karakana akakimbia. "Umesikia? Ungenyamaza halafu ukarudi, ningesema kuna puli, kigurudumu cha mkanda, imekaa upande. Umezidi kulia. Maana yake unateleza. Zima."

Wakangoja injini ipoe. Kisha Shemeji akaushika mkanda kwa vidole viwili, akaupindua tumbo nje. "Angalia mwenyewe, maana ukiambiwa husikii."

Filimbi akaangalia. Ile mistari ya mpira ya ndani ilikuwa imepasuka-pasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Sehemu moja kipande kizima kilikuwa kimeng'oka. Ukingoni nyuzi zilikuwa zikining'inia.

"Huu mmoja," Shemeji alisema, "ndio unaozungusha altaneta, na altaneta ndiyo inayochaji betri. Ndio unaozungusha pampu ya maji, injini isichemke. Ndio unaozungusha pampu ya usukani. Ukikatika, vyote vitatu vinakuaga kwa pamoja. Umebaki kushikiliwa na dua za mke wako." Akanyoosha mkono kwenye msumari, akautungua ule mkanda mpya uliokuwa ukisubiri kesho.

"Usiubadilishe," Filimbi alisema.

"Una wazimu?"

"Nitampeleka mama kwa gari la kukodi. Hili liache hivihivi."

Shemeji alimtazama, hasira zinapanda. Kisha akaona macho ya mwenzake yamejaa maji, hasira zikashuka. Akageuza tairi bovu, akakalia, akamwonyesha na yeye tairi la kukalia. "Sema."

Filimbi akasema yote. Siku ya kuja kwa miguu. Karibu baba, unamtaka nani. Maneno ya dada mtu kule kwenye vyombo. "Anainuka kitini akiusikia, shemeji. Anakwenda dirishani. Ukiutoa huu mkanda, mimi nitakuwa mgeni kama wageni wengine. Siwezi. Nisamehe, lakini siwezi."

Shemeji hakucheka. Aliuzungusha mkanda mpya mikononi.

"Mimi kila wiki nasoma mita," alisema. "Nilidhani nimezoea. Sijazoea, naficha tu. Kwa hiyo najua. Lakini kesho kuna ule mteremko wa vilima, na bonde liko upande wa mama. Yaliyokupata leo yakikupata pale, hutawahi. Afadhali asikujue, lakini awe mzima."

Filimbi akapangusa uso kwa kiwiko, akainuka. "Nipe spana," akasema.

"Spana gani? Wewe shika ninapokwambia."

Shemeji kwanza alichukua chaki, akachora ndani ya boneti njia nzima ya mkanda, unapopita juu na unapopita chini ya kila puli, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea: wakishautoa hawakumbuki ulikozungukia. Kisha akatia spana ndefu kwenye ile puli ndogo inayokaza mkanda, akaisukuma, mkanda ukalegea. "Utoe sasa. Haraka, na vidole vyako uvitazame, hii ina springi, haina huruma." Filimbi akauvuta, ukatoka. Ulikuwa mwepesi ajabu, umekauka, hauna hata uzito wa kelele zake.

Hawakuuvisha ule mpya mara moja. Shemeji alizungusha kila puli kwa mkono, moja moja, na hapo akamwita Filimbi aweke sikio, kwa kuwa kwenye mkwaruzo wa beringi Filimbi alikuwa na sikio zuri, mota za friji zimemfundisha. "Hii salama. Hii salama. Hii pia." Wakalinganisha mikanda miwili: mistari sawa, upana sawa, ule wa zamani umerefuka kidogo kwa uzee. Kisha wakaufuata mchoro wa chaki. Filimbi akauvisha puli ya mwisho, akajisifu.

"Tazama tena," Shemeji akamwambia. "Umeruka mstari mmoja. Umevaa shati na vifungo vimepishana."

Kweli bwana. Wakaulegeza, wakauweka sawasawa, Shemeji akaupitia kwa kidole kila puli mpaka akaridhika. "Washa."

Filimbi akakaa, akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena, na injini ikatoa mkwaruzo mbaya wa chuma.

"Ala! Unafanya nini wewe? Limeshawaka!"

Lilikuwa limeshawaka. Miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia gari lake likiwaka bila yowe, na sasa lilikuwa likinguruma chini chini, kwa adabu, mkanda ukizunguka laini. Akakata usukani kulia, akakata kushoto. Ukafuata kwa kidole kimoja. Shemeji alikunja mikono kifuani akalisikiliza kama mtu anayesikiliza mwanawe akisoma vizuri. Filimbi alishukuru, na kweli alikuwa na la kushukuru, lakini moyoni alikuwa na baridi.

Wakafunga karakana, wakaenda pamoja nyumbani kwa mama. Mtaani watu hawakugeuka. Muuza magazeti hakuinua kichwa. Walipofika kwenye ile kona, Filimbi alipunguza mwendo, macho kwenye dirisha. Pazia halikutikisika.

"Piga honi," Shemeji akanong'ona.

Akapiga. Pazia kimya. Akapiga tena. Aliyetokea ni dada mtu, mlango wa jikoni, mwiko mkononi, akashangaa: "Nyie mmefikaje? Mbona sikuwasikia?" Kisha akaona uso wa mdogo wake, akakumbuka maneno yake mwenyewe ya kwenye vyombo, akashika mdomo. "Mungu wangu. Umeubadilisha."

Filimbi alikwenda kwenye mlango wa mbele. Alijiambia, akiniuliza namtaka nani, nitasema nimekuja kumsalimia, nitakaa, nitasikiliza sifa zangu tena, basi. Akausukuma mlango, ukagonga fremu, akauvuta, akaingia.

Mama alikuwa amekaa kitini, amewapa mgongo, anakunja nguo alizozikunja na kuzikunjua tangu mchana. Hakugeuka.

"Kitinda," alisema. "Umekula?"

Filimbi alisimama palepale. Dada yake, aliyekuwa amekimbia kwa kupitia jikoni, alikuwa upande wa pili wa chumba na mwiko unadondosha mchuzi sakafuni.

"Mama," dada akasema, "umejuaje ni yeye?"

Mama akageuka sasa, akawatazama wote kwa kuwashangaa. "Ebo! Kwani ni nani mwingine? Baba yenu aliuweka mlango huu ufungukie nje ili usimeze chumba. Nyumba nzima inajua unavutwa. Huyu tangu amejua kusimama lazima ausukume kwanza, kisha ndipo auvute. Nimemwambia mpaka nimechoka. Vua viatu, Kitinda, dada yako kapiga deki."

Dada mtu akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. "Na siku ile mlango ulikuwa wazi!" alimwambia mdogo wake. "Nilikuwa nimeuegemeza jiwe, sakafu ikauke! Hukuusukuma!" Filimbi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kiti, kichwa kwenye zile nguo, mabega yanatikisika, na mama anampapasa kichwa akisema pole, pole, kazi ni ngumu, mafriji hayana shukrani. Furaha ilimjaa mpaka akashindwa kuinuka. Mzigo alioubeba peke yake muda wote ule ulikuwa umetuliwa na mtu ambaye hata hakujua kwamba upo.

Shemeji alikuwa bado mlangoni, anajipangusa macho kwa lile tambara la grisi, anazidi kujipaka. Mama akamwona.

"Mkwe wangu, umekuja wakati mzuri," akasema, na Shemeji akanyooka kama askari kwa kule kuitwa mkwe. "Kuna mtu hupita hapa na gari linalopiga makelele, makelele! Kila nikimsikia nakwenda dirishani nimwone ni nani, nimwambie fundi yumo humu ndani. Simpati, anakuwa ameshazima. Na leo sikumsikia kabisa."

"Nimeshamtengenezea, mama," Shemeji akasema. "Leo hii."

"Limepona kweli?"

"Limepona kabisa."

"Afadhali," mama akasema, akashusha pumzi, mkono wake ukiwa bado kichwani mwa Filimbi. "Mungu akubariki. Maana kila nikilisikia nilikuwa nasema, huyu mtu ana mama yake mahali, na mama yake hana raha."